Maziwa ya Malkia

Jumanne, Machi 4

Mvua imefika na redio imekufa siku hiyo hiyo, kwa hiyo naandika. Mtu aliyesoma mita za maji mpaka akastaafu hawezi kupitisha siku nzima bila kuandika chochote.

Malkia amezaa asubuhi. Jike, miguu mirefu, paji jeupe kama la mama yake. Alikuwa amesimama kabla sijamaliza chai. Mke wangu alikuja kumtazama, akasema, "Haya, mke mwenzangu kajifungua salama." Amemwita hivyo tangu nilipomleta mwaka jana kutoka lile shamba kubwa lililofungwa, kwa madai kwamba kila nikiamka namsalimia ng'ombe kabla yake. Si kweli. Nawasalimia wote wawili, ila zizi liko karibu na mlango.

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Malkia anajaza ndoo mpaka inamwagika. Asubuhi foleni ya wanunuzi wa maziwa langoni ilipinda kona. Fundi cherehani, jirani yetu, aliuliza kama naongeza maji. Nikamwambia ya mvua yanamtosha.

Jumapili, Machi 9

Kipaku naye amezaa. Leo nimetangaza utaratibu wangu wa msimu wakati wa chakula cha mchana, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kila ndama atakayezaliwa mvua hii atanyonya kwa mama yake siku ya kwanza tu, apate dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Baada ya hapo wote watanyweshwa maziwa ya Malkia kwa ndoo, na maziwa ya mama zao yatakwenda langoni kwa wateja. Malkia ana maziwa mazito, ana afya, sijawahi kumsikia hata akikohoa. Ukiwa na mama mmoja bora zizini, kwa nini watoto wengine wanywe ya kawaida?

"Na mama zao wameulizwa?" mke wangu akasema.

Mkamwana wetu alikuwa anakusanya vyombo. Ndama ni kazi yake. Anakaa nasi hapa kwa sababu mwanangu ni dereva wa lori na yuko nyumbani siku chache kuliko barabarani. Ana mkono mzuri kwa wanyama, hilo silikatai. Aliitikia tu, "Sawa, baba," akaondoa vyombo.

Ijumaa, Machi 14

Mpole amezaa dume. Mweusi tii.

Jumapili, Machi 16

Mpole analia. Tangu tumtenge na mwanawe jana hajanyamaza hata kidogo, mpaka majirani wanauliza tunamfanya nini. Mkamwana alikuja kuniomba mweusi abaki na mama yake. "Siku chache tu, baba, mpaka atulie." Nikamwambia ukimlegezea mmoja, kesho zizi zima litakuja na maombi. Akasema sawa.

Jumatano, Machi 19

Mkorofi amezaa jike na kunipiga teke la goti kama shukrani. Mpole amenyamaza. Nilimwambia mke wangu, unaona, wanazoea. Alinitazama, akaendelea kukunja nguo.

Jumatatu, Machi 24

Mtoto wa Malkia hachezi. Tumbo limemvimba na manyoya yamesimama. Nadhani ni baridi ya mvua.

Jumatano, Machi 26

Anahara. Kinyesi cha kijivu kama udongo wa mfinyanzi, na pumzi yake inanuka uchachu ambao sijawahi kuunusa kwa ndama. Nimekagua ndoo. Kwa macho zilikuwa safi, lakini uchafu wa kuhofia ni ule usioonekana. Nilimwambia mkamwana achemshe maji azisugue upya mbele yangu. Alizisugua. Mimi nilisimama pale na mwavuli.

Mke wangu anataka daktari wa mifugo aitwe. Daktari atakuja kuniambia ninachokijua, kisha atataka chai. Nimempa Malkia dawa ya minyoo, dozi kamili, maana akili yangu inaniambia mama akiwa safi mtoto atakuwa safi. Hilo halihitaji chuo.

Jumapili, Machi 30

Amekufa. Nilimkuta asubuhi amejinyoosha mlangoni, kichwa kwenye tope. Malkia alikuwa anakula majani kama kawaida. Sijui kwa nini hilo liliniudhi.

Mkamwana alikuja na shuka kuukuu akamfunika. Nilimwambia ndama hafunikwi shuka. Akaniangalia, akaliondoa, akalikunja vizuri. Tulimzika nyuma ya uzio huku mvua ikitupiga mgongoni, na muda wote huo nilikuwa nawaza zile ndoo.

Nimempa Malkia dawa tena.

Alhamisi, Aprili 3

Wa Kipaku ameanza vilevile. Tumbo, manyoya, ile harufu.

Nimeanza kumchunguza mkamwana. Jana nilimwona akitoka zizini muda ambao hakuwa na kazi huko, pindo la kanga limelowa. Aliponiona alishtuka na kusema alikuwa anaangalia kama paa linavuja. Paa halivuji, nililiezeka mwenyewe. Mtu asiye na neno hashtuki. Kuna kitu anakificha, na nadhani hizo ndoo anazisuuza tu kwa maji baridi nikigeuka.

Nilimwambia mke wangu. Akasema, "Wewe umezoea kukagua nyumba za watu."

Jumapili, Aprili 6

Mvua. Ndama wa Kipaku hasimami. Malkia nimempa dawa mara ya tatu.

Jumanne, Aprili 8

Wa Kipaku amekufa. Leo langoni nimesema neno. Sitaliandika.

Jumatano, Aprili 9

Mkamwana ameondoka. Amekwenda kwao na begi moja. Ndoo zote ameziacha zimeoshwa, zimepinduliwa juu ya benchi, zimepangwa mstari. Nilizinusa moja moja. Hazikunuka chochote.

Mke wangu aliniwekea chai jikoni badala ya mezani. Nikaenda kuinywa jikoni. Akatoka akaenda kukaa mezani.

Alhamisi, Aprili 10

Naliandika, kwa sababu nisipoliandika nitaanza kulipunguza. Tayari jana nilijikuta nalitengeneza upya kichwani, liwe la mtu aliyechoka tu.

Foleni ilikuwa ndefu. Mkamwana ndiye aliyekuwa anapima maziwa, kama kila asubuhi. Fundi cherehani akaniuliza, bila ubaya, akitaka tu la kuzungumza, "Mzee, hao ndama wako wanakufa na nini?" Nilikuwa nimetoka kumwona wa Kipaku amelala ulimi nje. Nikamwonyesha mkamwana kwa kidole nikasema, kwa sauti ya kufika kwenye kona, "Muulize huyu. Kwa mikono yake hakikui kitu. Si ndama, si mtoto."

Lazima nieleze jambo la mtoto. Mwaka jana, mvua kama hizi, mkamwana alijifungua mvulana, mjukuu wangu wa kwanza. Hakufikisha miezi miwili. Alianza kudhoofika, wakampeleka hospitali, wakarudi bila yeye. Baada ya mazishi nilikata shauri kwamba katika nyumba hii mtoto asitajwe, ili mama yake asahau. Nilimwambia mke wangu, nikamwambia mwanangu, wakatii. Hakuna aliyemtaja. Wa kwanza kuvunja amri ni mimi niliyeitoa, na nilimtaja kwa kidole, mbele ya watu wenye chupa mikononi.

Yeye hakulia. Alikuwa anammiminia mteja. Alimaliza kumimina, akamfungia kifuniko, akamwambia asante, ndipo akaweka kipimo chini na kuingia ndani. Kisha mke wangu akaja, akaokota kile kipimo na kuendelea kupima bila kunitazama.

Sina pa kuuweka uso wangu. Hata hivyo kuna sehemu yangu ambayo bado inasema, lakini ndoo je?

Jumamosi, Aprili 12

Sasa ndama nawanywesha mwenyewe. Leo nilimfungulia yule mweusi wa Mpole ili nimpeleke kwenye ndoo. Akanipita kama mtu asiyenijua, akavuka zizi moja kwa moja mpaka kwa mama yake, akapiga magoti na kunyonya. Mpole hata hakugeuka. Ndama aliyetengwa na mama yake karibu mwezi mzima hanyonyi hivyo. Huyu hakuacha kunyonya.

Niliingia ndani nikifoka. "Umeona? Alikuwa ananidanganya. Alikuwa anamrudisha kwa mama yake, ndiyo maana alikuwa anazungukazunguka huko zizini!"

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Ulifikiri Mpole alinyamaza kwa kukuheshimu wewe?"

"Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyemwambia afanye. Alikuwa anakuja hapa jikoni anaziba masikio. Hawezi kumsikia mama analilia mtoto, na wewe ulikuwa huko unahubiri kwamba wanazoea."

Nilitoka nikakaa zizini. Mweusi alikuwa ameshiba, anang'aa, mkia juu. Mtoto wa Mkorofi, ambaye amekunywa maziwa ya Malkia kwa utaratibu wangu, alikuwa amejikunyata pembeni. Tumbo limevimba. Nikamwinamia, nikanusa pumzi yake. Uchachu ule ule.

Nimempigia daktari simu.

Jumatatu, Aprili 14

Daktari wa mifugo ni mwanamke wa umri wa binti yangu, kama ningekuwa na binti. Amevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Hakutaka chai.

Alichukua kinyesi cha ndama kwenye kikopo, akaenda kwenye gari lake ambako ana darubini, akainama nayo kwa muda. Aliporudi aliuliza maswali mengi na yote yalikuwa juu ya Malkia. Alitoka wapi? Alizaa lini? Hawa ng'ombe wengine walizaliwa wapi? Nikamwambia walizaliwa hapa hapa. Kisha akanielekeza nimshike mtoto wa Mkorofi, akampa dawa kwa mdomo, polepole, kwa bomba lisilo na sindano. Akasema, "Kesho utaona mwenyewe. Nitapita."

Jumanne, Aprili 15

Nimeona.

Walikuwa kwenye nyasi nyuma ya ndama, weupe, wanene, warefu kama kalamu na wengine zaidi, fungu zima. Ndama mwenyewe alikuwa amesimama kando akilamba ukuta. Nilikaa kwenye benchi la ndoo. Daktari alipofika alinikuta hapo hapo.

Alinieleza kwa upole, na upole wenyewe uliniumiza. Ng'ombe anameza mayai ya minyoo hawa malishoni, kama Malkia huko shamba alikotoka. Akiwa mkubwa hawamuumizi. Wanapenya, wanajificha nyamani, wanalala humo hata miaka, naye anakula, ananenepa, anang'aa. Akikaribia kuzaa wanaamka na kuhamia kwenye kiwele. Kwa wiki chache za mwanzo wanatoka na maziwa, wadogo mno kuonekana, na ndama anawanyonya.

"Lakini Malkia nilimpa dawa," nikasema. "Nilimpa tena na tena."

"Dawa uliyompa inawafikia walio tumboni, mzee. Hao waliolala nyamani haiwafikii. Kwa minyoo hawa anayetibiwa ni ndama. Akifika wiki mbili, hata tatu, anapewa dawa kabla hawajakomaa, basi, yamekwisha. Ni dawa ya kawaida kabisa." Nilimwona akitaka kuendelea, akajizuia.

"Na ndoo?"

"Ndoo hazihusiki. Hata zingechemshwa mchana kutwa." Akatazama lile zizi. "Nani alitoa wazo la kuwanywesha wote maziwa ya ng'ombe mmoja?"

Nilitaka kusema huo ni utaratibu. Nikasema ni mimi.

"Na huyu mweusi mbona mzima?"

"Ananyonya kwa mama yake. Mkamwana wangu alikuwa akimrudisha kwa siri."

"Alijua mambo ya minyoo?"

"Hapana. Mama alikuwa analia."

Daktari alitikisa kichwa, akampa mweusi dawa vilevile kwa tahadhari, akaniachia chupa kwa ajili ya ndama watakaofuata. Kwenye gari akaniambia, "Mshukuru mkweo. Mmoja amekubakizia yeye." Nilimwambia nitamshukuru. Nilisema hivyo kama mtu ambaye mkwewe yuko jikoni.

Jumatano, Aprili 16

Mwanangu amepiga simu akiwa njiani. Nilijiandaa kwa kelele, na kelele ningeziweza.

"Baba, nimesikia."

"Mwanangu, ilikuwa ni minyoo. Ngoja nikueleze."

"Nimesikia ulivyosema," akarudia. Nilisikia injini ya lori ikinguruma. "Mimi nikitoka safari hii nashukia kwao mke wangu, sishukii hapo." Akakata, taratibu, bila kuniaga vibaya. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, Aprili 18

Kesho naenda kwao mkamwana. Nilikuwa najaza dumu la maziwa la kupeleka. Mke wangu akauliza, "Maziwa ya nani hayo?" Nikayarudisha.

Jumamosi, Aprili 19

Nimekwenda na nimeharibu.

Baba yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, mama yake akaniletea maji. Mkamwana akatoka chumbani. "Shikamoo, baba." Sikuitegemea hiyo. Nikaitikia marahaba.

Nilianza na minyoo. Njia nzima nilikuwa nimeipanga hotuba hiyo, na nikaitoa yote: wanavyolala, wanavyoamka, wanavyopita kwenye kiwele, dawa anayopaswa kupewa ndama na wakati wake. Nilieleza vizuri mno. Nilijisikia nikieleza vizuri.

"Kwa hiyo haikuwa ndoo," akasema.

"Haikuwa ndoo, mama. Hukuwa na kosa hata kidogo."

"Na Malkia mtamfanyaje?"

"Mwisho wa mwezi anakwenda kwa mchinjaji." Nilidhani nampa zawadi.

"Amefanya nini?"

"Ameua wawili, mama. Mwanawe mwenyewe na wa Kipaku."

Hapo ndipo aliponitazama usoni. "Alijua?"

"Alijua nini?"

"Kwamba ana kitu mwilini. Alijua, baba, wakati ananyonyesha?"

"Ng'ombe atajuaje?"

Alikunja ncha ya kanga. "Mwaka mzima nimejiuliza kama ni mimi niliyempa mtoto ugonjwa. Kwenye maziwa, au kabla hajazaliwa. Hospitali walisema si mimi. Nilikuwa nimeanza kuwaamini. Halafu ukasema wewe, mbele ya watu wote, na mimi nikasema moyoni, basi, hata wao walikuwa wanalijua, walikuwa wananinyamazia tu." Sauti yake haikupanda. "Hebu niambie, baba. Kama isingekuwa minyoo. Kama kweli ningekuwa mvivu, sikuosha ndoo, ndama wakafa. Ungekuwa umesema sawa?"

Nilifungua mdomo na kilichotoka ni, "Basi, mama, rudi nyumbani."

"Karibu tena, baba," akasema, akaingia ndani.

Baba yake alinisindikiza mpaka barabarani. Ni mtu wa maneno machache. "Umekuja, hilo tumeliona," akasema. Kisha, baada ya hatua kadhaa, "Lakini yeye hakuambiwa sebuleni."

Jumapili, Aprili 20

Mvua. Sikutoka.

Mwaka mzima niliwanyamazisha watu wa nyumba hii ili asahau, naye akausikiliza ukimya wetu na kuusoma kuwa hukumu. Na kwao nilikwenda na kesi ya ng'ombe. Namtoa hatiani mama mmoja kwa kumchinja mwingine, halafu nashangaa haniamini.

Jumatatu, Aprili 21

Niliisemesha foleni. Niliona aibu kuanza na lile lenyewe, nikaanza tena na minyoo, kwamba wako kwenye maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni.

"Mzee," fundi cherehani akasema, akainua chupa yake kwenye mwanga, "unatuambia humu kuna minyoo?"

Foleni ilivunjika kabla sijafika kwenye maana. Nilikimbizana nao barabarani nikieleza kwamba haya ya leo si ya Malkia, kwamba wakati wake wa kutoa minyoo umeshapita, kwamba kila mtu anachemsha. Mwanamke mmoja aliyamwaga mbele yangu mtaroni.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ubavu. Nilifurahi, maana ni mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akaacha kucheka. "Hivi ulikuwa unamwombea radhi nani pale? Ng'ombe?"

Jumatano, Aprili 23

Leo foleni ilikuwa fupi. Nilisimama pale aliposimama yeye, kando ya kipimo. Niseme ukweli, nilitamani mvua inyeshe watu watawanyike. Haikunyesha.

Nikasema: "Siku ile nilimtukana mke wa mwanangu hapa, kwa mtoto aliyemzika. Mtoto yule alikuwa mjukuu wangu. Mama yake alimlea vizuri, na alipougua hakumwacha hata kidogo. Nilisema uongo na nilisema ubaya. Sina sababu ya kuwapa. Hata ndama wote wangekufa kwa mkono wake, lile neno lisingekuwa na haki ya kutoka kinywani mwangu."

Basi. Niliyasema na yakaisha, na nikabaki nimesimama.

Fundi cherehani hakutania. Aliitazama chupa yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa utani wake, na kuukosa kuliniacha uchi. Bibi mmoja wa nyuma, ambaye hununua nusu lita tu kila siku na sijawahi kumsikia akisema zaidi ya salamu, akasema, "Tulikuwa tunangoja." Akasogea mbele. "Nipimie."

Nikamzidishia. Hakunirudishia.

Ijumaa, Aprili 25

Mwanangu amepiga simu. "Nasikia umesema."

"Nani kakuambia?"

"Foleni nzima, baba." Kisha akaniuliza kama mvua bado ni kubwa huku. Tukazungumza mvua.

Alhamisi, Mei 1

Mchinjaji alikuja kumchukua Malkia. Nimemrudisha mikono mitupu. Alinung'unika kuhusu safari yake. Nilimwambia nimekosea mimi, na nikagundua kwamba maneno hayo yanatoka kwa urahisi zaidi sasa, kama bawaba iliyotiwa mafuta.

Ijumaa, Mei 9

Dada, ng'ombe wetu wa mwisho kuzaa msimu huu, amezaa. Jike. Nimemwacha kwa mama yake. Mvua zinapungua.

Asubuhi nilimsalimia mke wangu kwanza. "Unaumwa?" akaniuliza.

Jumamosi, Mei 24

Wamekuja.

Mwanangu alisimamisha lori barabarani, na mkamwana akashuka. Hakuwa na begi. Alimsalimia mke wangu, wakashikana muda mrefu, kisha akapita mlango wa nyumba na kwenda moja kwa moja zizini. Mweusi amekuwa mkubwa, amemsukuma kwa kichwa karibu amwangushe. Akampita, akaenda kusimama mbele ya Malkia. Akamwekea kiganja kwenye lile paji jeupe, akakaa hivyo.

Mimi nilikuwa na bomba la dawa mkononi. Leo ilikuwa siku ya kumpa mtoto wa Dada, na nilikuwa nahangaika naye peke yangu, dawa yote inaishia kwenye shati.

"Mshike kidevu, baba, si shingo," akasema. "Na polepole. Ukikimbiza itaingia mapafuni."

Akaja akapiga magoti kwenye majani, akakibana kichwa cha ndama kwapani na kumfungua mdomo kwa kidole. Nikaingiza bomba pembeni ya ulimi. Tukamwacha ameze, nikaongeza, akameza. Dawa ilikwisha, lakini yeye hakumwachia ndama wala mimi sikuinuka.

Kuomba radhi nilikuwa nimeomba kwa foleni, na kwake sikuwa nimeomba. Nilisema, "Nisamehe, mama." Alikuwa anamfuta ndama mdomo kwa ncha ya kanga. Nikaona lililobaki ni moja tu, na nilipaswa kuliuliza mwaka jana.

"Mtoto alikuwa anapenda nini?"

Mkono wake ulisimama. Nilidhani atainuka aende, na kama angeinuka nisingemzuia.

"Mvua," akasema baadaye. "Mvua ikipiga bati. Alikuwa akiisikia anaacha kunyonya, anafungua macho hivi, anasikiliza. Ikikatika ndipo anarudi kunyonya." Akamwachia ndama, naye akakimbilia kwa mama yake. "Nilikuwa nataka kuwaambia. Sikujua nimwambie nani."

Walikula chakula cha mchana hapa, wakaondoka jioni. Hajasema kama atarudi kukaa na sikumuuliza. Alisema atapita mweusi akianza kuota pembe.

Redio imetengenezwa, iko mezani, sijaiwasha. Mvua za msimu huu zimekwisha. Mwaka jana zilinyesha kwenye bati hili hili, mimi nikiwa chumba cha pili, na nakumbuka nililalamika kwamba mtoto analia sana. Sikuwahi kumsikia akinyamaza.